Kuchora Nyuzi za Mbao kwa Rangi: Uanze na Mpira, Glezi ya Mafuta au Glezi ya Maji?

Milango ya chuma imejaa Nairobi, kuanzia Kayole hadi Kawangware, na mwenye nyumba anayeutazama mlango wake kila siku mara nyingi angependa ufanane na mvule au mahogani badala ya kubaki na rangi moja bapa. Makabati ya MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa), milango bapa ya plaiwudi na hata nguzo za zege za barazani huombewa sura hiyo hiyo, kwa kuwa mbao ngumu halisi ni ghali. Ndiyo maana mafundi wengi wa rangi, pamoja na watu wanaojipakia nyumba zao wenyewe, wanataka kujifunza kuchora nyuzi za mbao juu ya uso laini. Wanapokwama ni mwanzoni kabisa, katika kuamua waanze na njia gani.

Hapa ninalinganisha njia tatu. Ya kwanza ni mpira wa nyuzi, yaani kipande cha mpira kilichopinda, chenye matuta ya nusu duara yanayofuatana na mpini wa kushikia, ambacho huvutwa juu ya rangi mbichi huku kikiinuliwa na kulazwa taratibu mpaka kiache mchoro wa moyo wa mti. Ya pili ni kuchora kwa brashi, kitana na kitambaa katika glezi ya mafuta. Ya tatu ni kuchora kwa brashi katika glezi ya maji. Glezi ni rangi nyepesi inayopitisha mwanga, inayopakwa juu ya rangi ya chini iliyokwisha kukauka ili rangi hizo mbili zionekane kwa pamoja. Mpira nao huhitaji glezi, na hufanya kazi katika aina zote mbili. Nimeutenga kwa sababu unamfundisha mtu mambo tofauti na yale yanayofundishwa na brashi.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo ninachokipa uzito mkubwa ni muda ambao glezi hubaki mbichi, kwa kuwa huo ndio muda alio nao mwanafunzi wa kutazama, kufuta na kurudia. Baada yake huja sura inayopatikana, yaani ni mbao zipi ambazo njia hiyo huziiga vizuri na zipi huziharibu. Kisha nitatazama uso unaopakwa na uimara wa kazi, namna ya kujifunza, gharama, na mwisho harufu na usalama, jambo ambalo lina uzito kwa watu wanaofanyia mazoezi katika chumba kimoja wanacholala.

Msingi usiobadilika

Njia yoyote itakayochaguliwa, kazi hushinda au hushindwa katika rangi ya chini. Rangi hiyo ifuate ile iliyo nyeupe zaidi katika mbao zinazoigwa: krimu iliyokolea kidogo kwa mwaloni, manjano ya udongo kwa mvule, rangi ya matofali iliyopauka kwa mahogani. Iwe na mng'ao wa kadiri, ule ambao wauzaji huuita satini au silki, kwa sababu rangi isiyong'aa kabisa hunywa glezi na kuacha mabaka, ilhali glosi kamili huifanya glezi ijikusanye kama maji juu ya jani la mgomba. Ikitokea hivyo, uso usuguliwe kwa msasa laini wa namba 320, au upakwe chaki kwa sponji yenye unyevu na kupanguswa ukishakauka, na glezi itashika.

Mlango wa chuma uoshwe kwa thina ili kuondoa mafuta, uondolewe kutu, upakwe praima ya kuzuia kutu, kisha andakoti (rangi ya kati), kisha mikono miwili ya satini. Rola ya sponji ni bora kuliko brashi katika hatua hii, kwani mistari ya brashi iliyobaki kwenye rangi ya chini huchungulia chini ya glezi na kukatiza nyuzi zinazochorwa.

Muda wa glezi kubaki mbichi

Glezi ya mafuta humpa mwanafunzi nafasi pana kuliko zote. Ile ya kienyeji huchanganywa kwa sehemu moja ya mafuta ya kitani yaliyochemshwa na sehemu mbili za tapentaini, pamoja na dawa kidogo ya kukaushia na rangi ya mafuta yenye udongo wa hudhurungi, na hubaki ikichoreka kwa takriban nusu saa hadi saa moja. Mtu anaweza kuchora paneli, akarudi nyuma hatua tatu kuitazama, asiridhike, akaifuta yote kwa kitambaa chenye tapentaini na kuanza upya juu ya rangi ya chini ambayo haikudhurika. Ni vigumu kueleza thamani ya uhuru huo kwa mtu ambaye hajawahi kuunyimwa. Mafuta ya kitani yakizidi, hata hivyo, glezi hukaa laini kwa siku nyingi na inaweza kukunjamana, kwa hiyo kishawishi cha kuongeza muda kwa kuongeza mafuta kina mpaka wake.

Glezi ya maji hukauka haraka, mara nyingi ndani ya dakika 10 hadi 20, na katika jua kavu la Januari na Februari muda huo hupungua zaidi. Kuna dawa ya kuchelewesha ukaukaji inayochanganywa ndani yake, na kunyunyizia uso umande mwembamba wa maji kabla ya kupaka husaidia pia. Hata hivyo, anayetumia glezi hii lazima ajue anachotaka kuchora kabla ya kuchovya brashi. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba tabaka zinaweza kufuatana siku hiyo hiyo: asubuhi vinyweleo, yaani vile vistari vifupi vya vitundu vya mbao, saa sita mishipa, alasiri kivuli chepesi cha kuunganisha yote. Glezi ya mafuta hutaka usiku mzima kati ya tabaka na tabaka, na katika baridi ya Julai usiku mmoja huenda usitoshe.

Ipo pia glezi ya maji ya zamani, ya rangi ya unga iliyokorogwa katika bia iliyopoa mapovu. Asiyetaka kugusa pombe hutumia siki yenye sukari kidogo na tone la sabuni ya maji, na kazi inakwenda vilevile. Uzuri wake ni kwamba hata ikikauka, sponji yenye maji huifuta kabisa mpaka siku itakapopakwa vanishi. Ninaipendekeza kwa moyo wote kwa mazoezi, kwani inaondoa ule woga wa saa unaowakimbiza wanafunzi wengi katika glezi ya kisasa ya maji.

Mpira hufuata tabia ya glezi unayoitumia. Katika mafuta, mvuto ulioharibika hulainishwa na kurudiwa. Katika maji, mvuto ni mmoja. Zaidi ya hapo, mpira haupendi kusimama: ukisita katikati ya mlango hubaki ukanda mweusi unaokatiza nyuzi kwa upana, kwa hiyo mkono lazima uteremke kutoka juu hadi chini bila kupumzika, na kwenye mlango mrefu hilo linamaanisha kupiga magoti huku unavuta.

Sura inayopatikana

Katika sehemu hii tofauti ni kubwa, na ndipo wanaoanza hudanganyika zaidi. Mpira huchora moyo wa mti, yale mapembe yanayopandana moja juu ya jingine kama yanavyoonekana kwenye ubao wa msonobari au saiprasi uliopasuliwa ubavuni. Kwa mbao hizo, na kwa mwaloni wa kawaida, matokeo yake ni mazuri kweli. Kwa mvule na mahogani, ambazo uzuri wake uko katika vinyweleo virefu na mikanda ya mwanga inayobadilika ukisogea, mpira hutoa kitu kisicho na asili katika msitu wowote. Tatizo la pili ni marudio. Matuta ya mpira ni yale yale, na fundi akianza kila mvuto mahali pamoja, macho ya mapembe hujipanga kwenye mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Jijini kuna milango mingi ya namna hiyo, na inaniuma kuiona, kwa sababu dawa yake ni rahisi: badilisha mahali unapoanza kuinua mpira, acha nafasi kati ya mvuto na mvuto na uijaze kwa kitana cha mistari iliyonyooka, kisha pitisha brashi kavu kwa wepesi kufuata urefu wa nyuzi ili kingo zilainike. Futa mpira kwa kitambaa baada ya kila mvuto, la sivyo matuta yatajaa glezi na mchoro utakuwa tope.

Glezi ya mafuta ndiyo nyumba ya mwaloni. Hupakwa nyembamba, huvutwa kwa kitana kipana cha chuma au mpira, halafu kitana chembamba hupitishwa kwa mshazari kidogo juu ya mistari hiyo ili kuikatakata iwe vinyweleo. Kisha linakuja jambo ambalo mpira na kitana haviwezi kulifanya: kitambaa cha pamba hukazwa juu ya ukucha wa kidole gumba, na kwa ukucha huo hufutwa madoa mafupi, meupe, yaliyopinda, yanayokatiza mistari ya kitana. Hayo ndiyo yale madoa ya fedha yanayong'aa kwenye mwaloni uliopasuliwa kuelekea katikati ya gogo. Kila mara kitambaa kisogezwe ili ukucha ushike sehemu safi. Mkono hujifunza polepole kwamba hakuna madoa mawili yanayolingana, na kwamba hukaribiana sehemu moja na kuachana sehemu nyingine.

Glezi ya maji inafaa zaidi mahogani, jozi na mvule. Vinyweleo hupatikana kwa kupiga glezi mbichi kwa ubavu wa brashi yenye nywele ndefu, ukianzia chini na kupanda juu kwa mapigo mafupi ya haraka, mpaka uso mzima ujae vistari vidogo vilivyokatika. Mikanda ya mwanga hutengenezwa kwa brashi fupi yenye unyevu inayobanwa na kuachiliwa, kisha kulainishwa kwa brashi laini kabla haijakauka. Wachoraji wa Uingereza wa karne ya 19, walioifikisha kazi hii kileleni, walikuwa na desturi ya kuuchora mwaloni katika mafuta na mahogani katika maji, na mara nyingi waliziweka tabaka hizo mbili katika kazi moja, zikitenganishwa kwa vanishi. Thomas Kershaw, aliyeishi kati ya 1819 na 1898, alituzwa katika Maonyesho Makuu ya London ya 1851 na ya Paris ya 1855, na vibao vyake vimo katika makumbusho ya Victoria and Albert huko London. Atakayevitazama hata kwa picha ataona kwamba kuchagua kati ya mafuta na maji kunategemea kwanza ni mti gani unaigwa.

Sura pia hutegemea mpangilio wa mlango wenyewe, na hapa njia zote tatu ni sawa. Mlango wa paneli huanzwa na paneli, ikifuatwa na miimo ya katikati, kisha mapao yanayolala, na mwisho miimo ya pembeni inayosimama kutoka juu hadi chini. Nyuzi za kila kipande zifuate urefu wa kipande hicho, na zikatike kwa ncha kali pale ambapo seremala angeviunganisha, kwa kutumia mkanda wa karatasi ikibidi. Moyo wa mti uwekwe kwenye paneli tu, na mistari iliyonyooka iachiwe mapao na miimo. Mlango wa chuma ukifuata utaratibu huu, hata kwa mpira wa bei ndogo, hupendeza kuliko ule uliochorwa kwa brashi bora lakini nyuzi zake zikapita juu ya maungio kana kwamba hayapo.

Uso na uimara

Juu ya chuma kilichopakwa rangi ya mafuta, glezi ya mafuta hushika bila taabu. Glezi ya maji hushika pia, mradi rangi ya chini imekauka kwelikweli na kusuguliwa vizuri kwa msasa. Ukutani, ambapo tayari kuna emulsheni (rangi ya maji ya ukutani) ya silki, glezi ya maji ndiyo inayofaa. MDF hupokea zote, ila kingo zake hunywa rangi kupita kiasi na lazima zizibwe kwa praima mara mbili. Mbao zilizofunikwa kwa melamini, yaani ngozi ngumu ya plastiki, huhitaji praima maalumu ya kushika kwenye uso mtelezi, na bila hiyo kazi yote hubanduka kwa ukucha.

Kila njia humalizwa kwa vanishi, angalau mikono miwili ndani ya nyumba na zaidi ya hapo kwa mlango unaopigwa na jua, tena iwe vanishi ya nje yenye kinga ya miale ya jua. Glezi ya bia au siki ipakwe vanishi ya mafuta pekee, kwa kuwa vanishi ya maji itaiyeyusha mbele ya macho yako.

Kujifunza

Mpira humpa mtu matokeo ya kuonyesha tangu alasiri ya kwanza, na hilo si jambo dogo kwa kijana anayehitaji kuingiza kipato. Udhaifu wake ni kwamba humzuia kuuliza mti wenyewe unakuaje. Brashi inataka miezi ya subira, lakini kila saa ya mazoezi hubaki mkononi na hutumika katika kazi nyingine, ikiwemo kuchora marumaru. Kati ya njia mbili za brashi, mafuta humsamehe anayeanza, ilhali maji humharakisha kukomaa.

Mazoezi yafanywe juu ya vipande vya MDF vilivyobaki kwa maseremala, au juu ya sanduku la bati kutoka soko la mafundi wa bati la Kamukunji, ambalo lina uso laini, kona na kingo kama mlango mdogo. Na kabla ya kuchora mti wowote, nenda kwa wauza mbao katika soko la Gikomba, omba kuonyeshwa ubao wa mti huo uliorandwa, uulowanishe kwa kiganja chenye maji na uutazame nyuzi zake zinapojitokeza. Piga picha, kisha kaa uichore kwa penseli. Anayetaka cheti atakutana na mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani nchini Kenya, inayopanda kutoka daraja la tatu hadi la kwanza, ingawa mkono wa kuiga mbao hupatikana zaidi kando ya fundi mkongwe anayekubali kukuachia paneli moja ya nyuma ya mlango.

Gharama

Mpira na vitana ni rahisi kupata na bei yake ni ndogo. Brashi ndefu ya kupigia na brashi laini ya kulainishia ndizo zinazogharimu, na si kila duka la vifaa vya ujenzi linazo. Wengi huanza na brashi pana ya kawaida yenye nywele ndefu, na kwa mazoezi inatosha. Glezi ya siki ndiyo ya bei ya chini kuliko zote.

Harufu, moto na afya

Tapentaini na thina havifai chumba kisicho na dirisha, wala mahali penye jiko la mafuta taa linalowaka. Kuna hatari nyingine ambayo mafundi wengi hawaambiwi: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yakikunjwa na kurundikwa, hupata joto yenyewe na yanaweza kushika moto bila kiberiti. Yatandazwe nje moja moja mpaka yakauke na kukakamaa, au yalowekwe kwenye ndoo ya maji. Glezi ya maji haina hatari hiyo, na kwa mtu anayefanyia kazi ndani ya nyumba yenye watoto, kigezo hiki pekee kinaweza kuamua. Rangi za zamani, hasa katika majengo makuukuu, zinaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu, kwa hiyo zisuguliwe kwa msasa wa maji na barakoa, si kwa msasa mkavu.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na mlango mmoja wa nyumba yako na hunuii kuifanya kazi hii tena, chukua mpira na glezi ya mafuta, chagua msonobari au mwaloni wa kawaida, na ujizoeze kwenye kipande cha MDF mpaka uache kusita katikati ya mvuto.

Ukiwa fundi wa rangi mwenye wateja tayari na unataka kuongeza huduma, jifunze mwaloni kwa glezi ya mafuta kwanza, huku mpira ukiwa mkobani kwa kazi za bei ndogo. Mteja akitaka mahogani au mvule, usimpe mapembe ya mpira. Mwambie unaendelea kujifunza mti huo, au shirikiana na anayeujua.

Ukiishi katika chumba kimoja, au ukifanya kazi ndani ya nyumba ambazo watu hawajahama, anza na glezi ya maji. Jizoeze kwanza kwa siki na sukari ili saa isikukimbize, na mkono ukitulia uhamie glezi ya kisasa yenye dawa ya kuchelewesha.

Ukiwa na kazi inayotakiwa kukabidhiwa ndani ya siku mbili, glezi ya maji ndiyo inayokubali, isipokuwa uso ni chuma cha nje na ni msimu wa mvua. Hapo ni heri kuomba siku za ziada kwa mteja kabla hujafungua kopo, kwa sababu praima na satini zisipokauka sawasawa, hakuna glezi itakayodumu juu yake.